Gharama ya Kusubiri: Kijana wa Lindi na Mwendo wa Maendeleo ya Mkoa Wake



Nimeombwa nizungumzie vijana na maendeleo ya Mkoa wa Lindi. Kwa kawaida mada ya namna hii huanza na fursa tulizonazo: gesi asilia, korosho, ufuta, bahari, magofu ya Kilwa Kisiwani, kinywe cha Ruangwa. Kila aliyekaa humu ndani anazijua, na mimi nimezisikia tangu nikiwa shule ya msingi. Leo naomba nizungumze jambo ambalo vijana wenzangu hulisema vijiweni na ndani ya mabasi, lakini ni nadra kulisikia kwenye ukumbi kama huu. Tumechoka kusubiri. Mkoa huu haujawahi kupungukiwa mipango mikubwa. Kinachokosekana ni tarehe, na mtu wa kutueleza tarehe inapopita. Kusubiri huku kuna gharama ambayo haiandikwi katika taarifa yoyote ya utekelezaji, na wanaoilipa zaidi ni walio na umri kama wangu.

Wazee wangu mtaniwia radhi nikisema kwa ukali. Nasema kwa sababu napapenda nyumbani.

Tulikotoka

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli, na Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu. Lindi, iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, ikapoteza hadhi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, makao yakahamia Mtwara. Karanga zenyewe hazikukubali. Mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Kusini ikabaki bila reli mpaka leo.

Ikafuata zamu ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000, sehemu kubwa kutoka huku kwetu. Miaka hiyohiyo vikajengwa viwanda vya kubangua kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vikiwemo vya Lindi, Mtama na Nachingwea. Lakini wakati mitambo inasimikwa, Operesheni Vijiji ilikuwa imeshawahamisha wakulima wengi mbali na mikorosho yao. Mikorosho ikamezwa na pori, bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia. Kufikia msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 17,000. Viwanda vilikosa cha kubangua, na vingi baadaye viliuzwa vikageuzwa maghala. Kijana wa leo anapita mbele ya jengo kubwa lenye mageti yaliyofungwa, anaambiwa hapa palikuwa na kiwanda, na hana wa kumuuliza kwa nini palikuwa.

Nimeirejea historia hii kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba kuchelewa kwa Lindi kunatokana na uzembe wa watu wa kusini. Sikubaliani kabisa na maelezo hayo. Watu hawahawa walipanda mikorosho iliyoipa nchi fedha za kigeni. Mara mbili ndani ya kizazi kimoja waliwekewa matumaini makubwa, na mara zote mbili uamuzi ulifanyika mbali nao.

Likong'o

Sasa nije kwenye kusubiri kwa kizazi changu. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye. Ilipotoka baharini ilikwenda Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo. Kwa miaka mingi baada ya hapo Lindi na Mtwara hazikuwa zimeunganishwa na gridi ya taifa. Fundi wa kuchomelea mjini Lindi alizima mashine yake umeme ulipokatika, na bomba la gesi la mkoa wake lilikuwa linawasha taa kwingine. Sisemi gesi ingebaki Kilwa. Ni mali ya Watanzania wote, na mimi ni Mtanzania kabla sijawa mwana Lindi. Nasema mpangilio ule ulitufundisha vijana mapema kwamba kuwa jirani na mali si sawa na kunufaika nayo.

Halafu ikaja gesi ya kina kirefu cha bahari, na pamoja nayo mradi wa kuisindika iwe kimiminika ili isafirishwe kwa meli. Eneo lililochaguliwa ni Likong'o, hapahapa Manispaa ya Lindi. Mapema mwaka 2016 Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lilipata hati ya ardhi ya zaidi ya hekta 2,000. Malipo ya fidia kwa wakazi yalikuja mwaka 2020. Juni 2022 makubaliano ya awali kati ya Serikali na kampuni za mafuta yalisainiwa Dodoma. Mei 2023 tukatangaziwa kwamba majadiliano yamekamilika. Thamani iliyokuwa ikitajwa ni dola za Marekani bilioni 42. Mpaka naandika mada hii, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haujatolewa.

Ninaelewa kwamba mradi wa ukubwa huo hausainiwi kwa haraka. Mkataba mbaya wa gesi ungewaumiza hata wajukuu wetu, na wanaojadiliana kwa niaba ya nchi wana wajibu wa kuwa waangalifu. Uangalifu wao siulalamikii. Nalalamikia ukimya unaoachwa kwa watu wa Likong'o, Mto Mkavu na Masasya.

Niwaeleze ninachokijua kwa karibu. Mjomba wangu ana shamba upande huo. Watathmini walipopita walihesabu minazi, mikorosho na miembe, wakapima nyumba, wakaandika. Kisha wakazi wakaambiwa wasiendeleze chochote. Mjomba hakupanda tena mnazi, kwa kuwa mnazi unaopandwa baada ya tathmini hauhesabiwi. Makuti ya paa la nyumba yalioza, akaogopa kuezeka bati kwa sababu hakujua kama atahama mwaka ule au mwaka ujao. Mwanawe wa kwanza alikuwa anataka kujenga karibu na baba yake. Aliona hakuna kiwanja cha kujenga wala kazi ya kusubiri, akaenda Dar es Salaam. Fidia ilipotoka, bei ya saruji na bati haikuwa tena ile ya siku ya tathmini. Hakuna hata senti moja ya hasara hiyo inayoonekana kwenye dola bilioni 42.

Na wapo vijana waliosubiri kwa namna nyingine. Mradi ulipotangazwa, wengi walikwenda kusomea uchomeleaji, umeme wa viwandani, usalama kazini, hata upishi wa hoteli, wakijua ajira zinakuja. Wazazi waliuza ufuta kulipa ada. Vyeti hivyo vimekaa kabatini. Mwenye cheti anaendesha bodaboda kati ya stendi na Ng'apa, na si kazi ya aibu, lakini si kazi aliyoambiwa ajiandae nayo.

Barabara na bei

Naomba nisieleweke kwamba hakuna lililofanyika. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla yake safari ya kwenda Dar es Salaam ilitegemea kivuko, na mto ukifurika watu walilala ukingoni. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliwatesa abiria kwa miaka mingine mingi, lakini nacho kiliwekwa lami. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Haya yana uzito, na asiyeyaona hatendi haki.

Lakini tazameni jinsi tulivyo karibu na kukatika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipobomoa barabara maeneo ya Somanga, kusini yote ilitengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Aprili 2025 barabara ikakatika tena hukohuko Somanga. Njia iliyobaki ni kuzunguka kwa Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa. Safari ya kilomita 450 hivi inakuwa zaidi ya kilomita 1,400. Aliyekuwa na mgonjwa wa kupeleka Muhimbili hakuwa na la kufanya. Daraja na makalvati ya kupitisha maji mengi kuliko ya zamani ni kazi ndogo sana mbele ya mtambo wa gesi, na zinaokoa maisha kila masika.

Kwa Liwale hata hiyo lami ya kukatika hawana. Kutoka Nangurukuru hadi Liwale ni kilomita zipatazo 230, na kutoka Nachingwea ni zaidi ya kilomita 120, sehemu kubwa udongo. Wakati wa masika nimeona lori limezama hadi kwenye ekseli, utingo wanachimba kwa majembe na kulaza magogo chini ya matairi, na nyuma yake basi limesimama, abiria wamekaa kwenye majani na watoto. Hakuna aliyekasirika. Walikuwa wameshazoea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ubovu wa barabara ile unaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mkulima. Mnunuzi anayeshiriki mnada wa ufuta au korosho anajua ghala liko wapi, na nauli ya lori anaitoa kwenye bei anayotaja. Bei ikishuka, ushuru wa mazao wa asilimia 3 unashuka pia, na huo ni chanzo kikuu cha mapato ya halmashauri zetu. Katika mapato hayo ya ndani ndimo inamotoka asilimia 10 ya mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Kwa hiyo tope la Liwale linapunguza mtaji wa kijana wa Liwale ambaye hajawahi kuuza hata kilo moja ya ufuta. Wanaotuuliza kwa nini vikundi vya vijana havikui wafuate mnyororo huu hatua kwa hatua.

Ubanguaji nao una kisa kama hicho. Korosho yetu nyingi bado inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kijana anayetaka kubangua anakutana na kikwazo ambacho mafunzo ya ujasiriamali hayakitatui: msimu wa mauzo ni miezi michache, naye anahitaji korosho za kubangua mwaka mzima, hivyo lazima anunue zote kwa mkupuo, mnadani, akishindana na mnunuzi wa nje mwenye fedha nyingi. Akikopa benki, riba inakwenda mwaka mzima wakati mzigo uko ghalani. Tunao akina mama wenye mikono hodari ya kubangua, na bado wanabangua za kuuza kwenye vifuko vidogo kando ya barabara.

Tunachoomba

Mara nyingi tunaambiwa vijana hatuna subira. Mimi nadhani tumekuwa nayo kupita kiasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 864,652 katika mkoa huu, na ya 2022 ikahesabu 1,194,028. Waliozaliwa kati ya sensa hizo mbili watafika umri wa kutafuta kazi, mradi mkubwa uwe umeanza au haujaanza. Wala tusijifariji kwamba mambo yatanyooka tukiwa na mtu wetu juu. Kusini imetoa Rais kwa miaka 10, Benjamin Mkapa, na Lindi imetoa Waziri Mkuu kwa miaka 10 mingine, Kassim Majaliwa. Wote wawili walilitumikia taifa zima kama ilivyopasa. Ratiba ya maendeleo ya mkoa haiwezi kutegemea jina la aliyeko madarakani.

Naomba semina hii iazimie mambo machache na kuyapeleka kwa Mkuu wa Mkoa na kwa wabunge wetu kwa maandishi. Kila mradi unaochukua ardhi ya wananchi uwe na tarehe inayotangazwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, na tarehe ikipita, wahusika warudi kwenye mkutano uleule kueleza sababu. Ardhi ya Likong'o iliyolipiwa fidia na haijaguswa, walioihama waruhusiwe kuilima mazao ya msimu kwa mkataba, mpaka siku itakapohitajika. Makalvati ya Somanga na barabara ya Liwale zitengewe fedha bila kusubiri uamuzi wa gesi. Wabanguaji wadogo, hata kikundi cha watu 10, wapewe mgao wa korosho ghafi kabla mnada haujafunguliwa, na halmashauri ziwakodishe maghala yaliyo tupu kwa bei wanayoimudu.

Kwa vijana wenzangu nina ombi moja. Mikutano ya kijiji na ya mtaa iko kisheria, mapato na matumizi husomwa kila robo mwaka, na viti vyetu mara nyingi viko wazi. Twendeni tukakae humo, na swali letu la kwanza liwe: lini?