Usukani Uwe Huru: Tuliyojifunza kwa Pikipiki Yetu ya Usoke

Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, Usoke, mkoani Tabora



Tumeombwa kuzungumzia utunzaji wa pikipiki, nasi tunaanza kwa kueleza kosa letu wenyewe. Wakati wa mvua zilizopita mhudumu wetu wa afya alianguka kwenye kona ya mchanga akavunjika mtulinga. Sanduku la chanjo lilisalimika. Kamati yetu ilikaa, ikasema kijana anapenda mwendo wa kasi, ikamwandikia barua ya onyo. Fundi aliyekuja kunyoosha usukani ndiye aliyetuita tuone. Kioo cha kukinga upepo, tulichokifunga sisi wenyewe nyumbani Jumamosi moja kwa furaha nyingi, kilikuwa kimeubana waya wa mafuta. Pikipiki ikienda moja kwa moja, hakuna tatizo. Ukikata kona hadi mwisho upande wa kushoto, waya unavutika na injini inaongeza moto yenyewe. Alipopunguza mwendo ili akate kona, pikipiki iliruka mbele. Barua tumeifuta na radhi tumeomba, lakini ilikuwa imeshasomwa mbele za watu.

Kwa hiyo hatuji kuwakataza kufunga vitu. Vioo vya pembeni, kinga za mikono, kishikio cha simu, taa ya nyongeza, vyote vina kazi yake katika njia zetu za porini. Tunachosema ni kwamba usukani hauna nafasi nyingi kama unavyoonekana. Ndani ya urefu wa mikono miwili kuna klachi, breki ya mbele, waya wa mafuta, honi, indiketa na swichi ya taa, na kila kimoja lazima kitembee pamoja na usukani.

Wazee wetu wa Unyamwezi walikuwa wapagazi katika njia hii ya kwenda Ujiji, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, akiubeba begani au kichwani kwa miezi. Mzigo uliofungwa vibaya ulimchosha hata kama haukuzidi uzito. Pikipiki ni hivyo hivyo. Mfuko wa mahindi ukining'inizwa kwenye usukani unauvuta upande mmoja, na mchangani huwezi kuurudisha upesi.

Mkishafunga kitu chochote, fanyeni jaribio hili kabla ya kutoka uani. Weka gia huru, washa injini, iache iungurume polepole. Zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia. Mlio usibadilike hata kidogo. Vuta mkono wa mafuta na kuuachia ukiwa umekata kila upande. Lazima urudi wenyewe. Bana klachi na breki, mone kama kinga ya mikono haizigusi. Ni dakika mbili tu. Sisi hatukuzitumia.

Kisha kaa kitini kama unavyokaa safarini. Vidole vikiwa juu ya klachi na breki, mkono uwe umenyooka, kifundo kisipinde kwenda juu. Klachi iachiwe ulegevu kidogo, kwa pikipiki nyingi milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Kipimo kamili kimo katika kitabu chake. Bila ulegevu huo klachi inateleza na sahani zake zinaungua, na sahani ni ghali kuliko waya. Anayeinua usukani ili mgongo usiume akumbuke kwamba nyaya hazirefuki pamoja nao.

Jambo dogo lililotugharimu kioo kizima: kwenye Yamaha nyingi, kioo cha upande wa kulia kina hesi ya kinyume. Hufungwa kwa kuzungusha kushoto. Mtu akilazimisha kwa nguvu anachubua hesi, na tunamfahamu aliyefanya hivyo, yumo humu ukumbini.

Kuhusu taa: balbu mbili za wati 35 kwenye betri ya volti 12 zinavuta karibu ampea 6. Swichi ndogo ya usukani haikutengenezwa kwa mzigo huo. Wekeni fyuzi na rilei, na muulizeni fundi kwanza kama pikipiki inazalisha umeme wa kutosha. La sivyo betri itaisha mkiwa katikati ya pori usiku.

Ndugu wafadhili, mara nyingi mnatuuliza tuongezewe nini. Hatuombi mapambo. Tunaomba kila parokia yenye pikipiki iwe na seti moja ya spana, waya wa klachi na wa mafuta wa akiba, na nusu siku ya fundi kila baada ya miezi mitatu. Kamati nazo ziandike katika daftari kila kitu kinachofungwa, na nani alikijaribu.

Pikipiki yenyewe iko nje, chini ya mwembe. Mhudumu wetu ndiye atakayewaonyesha. Bega limepona, ila spana bado anaishika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mwenye nguvu amsaidie.