Kigoda cha babu si kuni

Mgeni akibisha hodi katika nyumba ya Usukumani, jambo la kwanza ni kumtafutia mahali pa kukaa. Maji yatafuata, chakula kitafuata, na habari za safari zitaulizwa akiwa ametulia. Lugha yetu nayo imekipa kiti heshima kuliko samani nyingine zote. Anayeongoza kikao tunamwita mwenyekiti. Nafasi ya heshima ya kitaaluma iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili kumuenzi Baba wa Taifa iliitwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Hakuna aliyefikiria kuiita kabati la Mwalimu.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya vigoda na viti vya kale, na namna ya kuvichagua kwa ajili ya nyumba zetu.

Wapo watakaosema hayo ni mazungumzo ya matajiri. Sivyo. Tazameni yanayotokea katika miji yetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita. Nyumba mpya zinaota kila siku. Duara likitema kule Nyarugusu, kijana aliyekuwa analala kwenye turubai anajenga, anaweka vigae, kisha ananunua makochi makubwa yanayojaza sebule hata mlango haufunguki vizuri. Kigoda alichoachiwa na babu yake kinahamishiwa jikoni. Mvua zikinyesha na kuni zikilowa, kigoda kinapasuliwa kuivisha maharage. Au anapita mfanyabiashara mwenye pikipiki, anakichukua kwa bei ya kreti ya soda, na baadaye kinaonekana katika duka la vinyago mjini, kimepanda bei mara nyingi, kinanunuliwa na mtu asiyejua hata kilitoka upande gani wa nchi.

Ndugu wasikilizaji, kitu hicho tunachokitupa kina historia. Kwa Kisukuma kiti huitwa isumbi, na isumbi la mtemi lilikuwa alama ya utawala wake. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, lakini kumbukumbu haikufutika. Nendeni Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Mtakuta jengo linalohifadhi ngoma za watemi, nalo limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Na huko New York, Makumbusho ya Metropolitan yanahifadhi kiti cha Wanyamwezi chenye egemeo refu, kilichochongwa umbo la binadamu. Wenzetu wamekiweka pamoja na kazi kubwa za sanaa za dunia. Sisi jamaa zake tunachochea moto.

Zaidi ya hayo, kigoda cha zamani hakirudishwi kwa urahisi. Fundi alikichonga kutoka gogo moja, kikalio na miguu pamoja, bila msumari wala gundi. Gogo la namna hiyo linahitaji mti mnene uliokomaa. Na miti yetu tunajua ilikokwenda. Ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuwafukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, na iliyobaki ikawa kuni na mkaa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na wananchi wakahimizwa kurudisha ngitili zao. Ngitili nyingi zimerudi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mti mgumu hukua polepole, na mti uliopandwa wakati ule bado haujafikia unene wa ule aliouchagua babu.

Basi, mtu akitaka kigoda cha kale kwa ajili ya sebule yake, atazame nini?

Kwanza, akigeuze juu chini. Anayeghushi hutumia muda wake mwingi kwenye sehemu ya juu inayoonekana. Chini ya kikalio patafuteni alama za tezo, vile vibonde vidogo visivyolingana. Mkikuta mistari iliyonyooka ya msumeno wa mashine, au miguu iliyounganishwa kwa gundi, hicho kimetengenezwa juzi.

Pili, tazameni mng'ao. Kigoda kilichokaliwa miaka mingi hung'aa pale mwili ulipogusa na pale mkono uliposhika wakati wa kukihamisha, lakini kwenye pembe za ndani hubaki kimefubaa. Cha kughushi huwa na rangi moja kila mahali, kwa sababu kimepakwa dawa ya viatu au kimefukizwa moshi. Kipanguseni kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Rangi ikitoka, rudisheni pesa mfukoni.

Tatu, chunguzeni nyufa. Ufa peke yake si kasoro, maana gogo zima likikauka hupasuka. Ufa wa zamani una kingo laini na rangi inayofanana na ya nje. Ufa mpya huwa mweupe ndani, na ukipita kwenye mguu, kigoda hicho hakifai kukaliwa.

Nne, wadudu. Kigongeni juu ya karatasi nyeupe. Ukianguka unga mlaini, kuna uwezekano mkubwa kwamba wadudu bado wamo ndani, na mkikiingiza nyumbani watahamia kwenye kabati na milango. Kitengeni kwanza, kitibiwe, ndipo kiingie sebuleni.

Vigoda vingi vya kwetu vina miguu mitatu, na hilo lisiwatie shaka. Miguu mitatu hutulia hata juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa, ambapo kiti cha miguu minne hucheza. Kikiisha kufika nyumbani, msikipake vanishi wala kukiosha kwa maji mengi. Kitambaa kikavu kinatosha, na mara chache nta kidogo ya nyuki.

Wengine watapenda viti vya baadaye, vile vya mninga vyenye mikono mipana vilivyokuwa kwenye ofisi na nyumba za zamani. Ni viti vizuri, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko kochi jipya la mbao laini. Vitikiseni viungo vyake. Kikalio kilichochakaa hushonwa upya, lakini kiungo kilichooza ni hasara.

Sasa tufike kwenye jambo linaloleta ubishi majumbani. Siku hizi imekuwa desturi kuweka kigoda mbele ya kochi ili mwenye nyumba apumzishe miguu. Jambo lenyewe si geni. Kule pwani, Lamu na Zanzibar, kiti cha enzi cha mabwana wa zamani kilitengenezwa pamoja na mahali pake pa kuwekea miguu. Kigoda cha kazi hiyo kiwe chini kidogo kuliko kochi, ili magoti yasining'inie.

Lakini je, ni kigoda kipi tunakiwekea miguu? Katika familia nyingi mtoto hakalii kiti cha baba yake bila ruhusa, sembuse kukipandisha nyayo. Kigoda cha jikoni ni kigoda cha jikoni. Kigoda alichokalia mzee akiamua mashauri ya ukoo, au kilichotumika katika matambiko, ni kitu kingine kabisa, hata kama kwa macho viwili hivyo vinafanana kama mapacha. Macho hayatawaambia tofauti hiyo. Ataisema mwenye nacho.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kabla hujauliza bei, uliza hadithi. Kigoda hiki kilikuwa cha nani? Nani alikichonga? Ndugu wengine wanajua kwamba kinauzwa? Muuzaji asiyeweza kujibu hata swali moja ama anauza kitu cha kughushi, ama anauza kilichoondoka nyumbani bila idhini. Na mkipata majibu, yaandikeni kwenye karatasi na kuihifadhi. Pia tukumbuke kwamba nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na kutoa vitu vya namna hii nje ya nchi kunahitaji kibali.

Kwa wale wanaotaka tu mahali pa kupumzishia miguu, ushauri wangu ni rahisi. Mwendeeni seremala wa mtaani kwenu, awachongee kipya. Yeye atapata riziki na mzee atabaki na heshima yake.

Na kwa kijana wa Nyarugusu aliyebahatika, hatumkatazi makochi. Ametoa jasho, na anunue. Ila kabla hajaingia dukani, aende kijijini na kuingia jikoni kwa bibi, akatazame kilichoegemezwa karibu na mafiga. Huenda kiti cha thamani kuliko vyote katika nyumba yake mpya ni kile ambacho hatalipia hata senti moja. Dhahabu ya shimoni huisha, na wengi wetu tumeiona ikiisha. Bibi naye hatakuwepo siku zote kueleza kigoda kile kilikuwa cha nani.