BARUA ZA MWAMBAO ZA MWAKA 1963
(Matini ya mazungumzo kwa wananchi wa Horohoro, Mkoa wa Tanga)




Afikaye Horohoro huona forodha na njia ya kwenda Lungalunga. Lakini mpaka huu uligawa mwambao uliokuwa chini ya mtawala mmoja, Sultani wa Zanzibar, kwa upana wa maili 10 kutoka baharini.

Upande wa kusini, tangu Mto Umba hadi Ruvuma, uliondoka kwa fedha. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said alilipwa na Wajerumani mark 4,000,000, na dai likakoma. Upande wa kaskazini haukuuzwa. Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, Waingereza waliutawala kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera nyekundu ya Sultani ikabaki Mombasa.

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, wapo wakaazi waliotaka mwambao ujitawale, na wapo waliotaka uwe sehemu ya Kenya. Sultani Jamshid bin Abdullah alikuwa na mkataba mkononi; Waziri Mkuu wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, alidai nchi moja isiyogawika. Tarehe 5 Oktoba 1963 Mzee Kenyatta alibadilishana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Sheikh Mohamed Shamte. Waislamu wa mwambao waliahidiwa uhuru wa dini na kudumu kwa mahakama za Kadhi. Hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zingetambuliwa. Watoto wangefundishwa Kiarabu, na maofisa tawala wa sehemu zenye Waislamu wengi wangekuwa Waislamu, ila haya mawili ni "kadiri iwezekanavyo". Tarehe 8 Oktoba mkataba ulitiwa saini London, na Sultani akaacha dai lake.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliiondoa serikali ya Sheikh Shamte, na Sultani akaenda uhamishoni. Aliyeandikiwa barua hakuwapo tena kuidai ahadi. Hata hivyo, Kadhi yumo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170. Ahadi za "kadiri iwezekanavyo" hazikuingizwa humo. Na waliolima bila ya hati hawakupata kinga katika barua zile. Mgogoro wa maskwota wa Pwani una mzizi wake mmoja hapo.

Basi kila mwenye shamba au biashara mpakani hapa azingatie: ahadi iandikwe, ipewe wa kuisimamia, na isiachiwe mlango wa "ikiwezekana". Wahenga walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.