Kumpokea Rubani Asiye na Injini

Wazee wangu, mabibi na vijana wa Kerio, Lodwar na Kakuma,

Mto Kerio, ambao huishia katika Ziwa Turkana, hupita kwanza chini ya genge kubwa la Elgeyo. Juu yake, pale Iten, yapata futi 7,900 juu ya bahari, watu huruka kwa tanga la kitambaa lenye nyuzi nyingi nyembamba, wenyewe wakining'inia chini yake. Chombo hicho huitwa paraglaida, nacho hakina injini. Jua lipigapo mawe ya genge, hewa ya moto hupanda, ikamchukua rubani kama imchukuavyo tai. Hewa hiyo ikikoma hana budi kushuka, hata kama ni porini. Naye afuataye genge kwenda kaskazini huzidi kuikaribia nchi yenu.

Habari yangu ya leo si ya huyo arukaye, kwani wa kumsifu ni wengi. Ni ya dereva aliye chini. Dereva mwema hangoji kuitwa. Hushika njia mapema, akisema na rubani kwa simu ya upepo. Lakini kilima kikiingia kati yao, sauti hukatika. Tena rubani huweza kulivuka bonde mpaka vilima vya Tugen kwa muda mfupi, hali dereva hana budi kuteremka Tambach kwa kona nyingi, avuke daraja la Chebloch, ndipo apande kuelekea Kabarnet. Kwa hiyo marubani wengi huchukua kifaa kidogo kipelekacho habari kwa setilaiti. Kifaa hicho hutaja mahali alipo mtu. Hakitaji laga lisilovukika wala njia ya ng'ombe. Hayo huulizwa mchungaji.

Iko alama moja ipasayo kujulikana na kila mtu. Rubani akishuka salama hulikunja tanga lake upesi. Tanga likibaki limetandazwa chini, na mwenyewe hasimami, huenda ameumia. Mkimbilieni. Msimwinue, hasa akilalamikia mgongo au shingo. Mfanyieni kivuli, na mtu mmoja aende barabarani kumlaki dereva.

Katika Turkana liko na jambo la upepo. Pepo zitokazo kusini-mashariki, zikipita kati ya milima ya Kenya na ya Uhabeshi, ni kali mno; ndizo zizungushazo zile mashine 365 za umeme upande wa Loiyangalani, zilizoanza kazi mwaka 2018. Rubani akitua katika upepo kama huo, tanga laweza kumburuta juu ya mawe na miiba. Asaidiaye asishike nyuzi kwa mikono mitupu, maana hukata nyama. Ashike ncha moja ya kitambaa asiiachie, nalo tanga litapoteza nguvu, lipepee kama bendera.

Aliye mzima apewe maji. Watoto wazuiwe wasikanyage tanga, kwa kuwa mwiba mmoja watosha kulitoboa. Na dereva naye, afikapo jioni amejaa vumbi, asisahauliwe chai.