Mtoto Ana Wazazi Wawili

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wetu mjini Kitale, kisha Bungoma



Tunawashukuru kwa kuacha mashamba na vibanda vyenu mkaja kutusikiliza. Tunajua wengi mlitazamia tuseme juu ya kura na vyama, maana hiyo ndiyo ada yetu kila tunaposimama mbele yenu. Leo tutasema juu ya mtoto: nani amlishe, nani akae naye, na jina la nani liandikwe penye nafasi ya baba. Msidhani kwamba tumeiacha siasa. Sheria ya mtoto hutungwa katika Bunge lilelile linalotunga sheria ya uchaguzi, na mara nyingine huuawa humo humo.

Tuanze na mauaji hayo. Mwaka 1959, kabla ya Uhuru, iliwekwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki mwanamume aliyezaa naye, ili mahakama imwamuru atoe fedha za kumlea mtoto. Haikuwa sheria kamilifu, lakini ilikuwa na meno. Mwaka 1969 Bunge la Kenya huru liliifuta. Ilidaiwa kwamba wasichana walikuwa wakiitumia kujitafutia mali, na kwamba haikupatana na mila za Kiafrika. Katika Bunge hilo hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, aliingia kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, sheria ikiwa imekwisha kuzikwa. Na mwezi wa Oktoba, mwaka huohuo, chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku. Hatudai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Tunachosema ni kwamba asiyekuwamo katika nyumba ya kutunga sheria hawezi kujitetea sheria yake inapofutwa, na ndiyo sababu mambo haya mawili tunayaweka katika hotuba moja.

Nasi tuungame. Kifungu cha 2A kilipoondolewa katika Katiba mnamo Desemba 1991, tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Nchi hii ya Mzee Masinde Muliro ilitoa jasho lake katika kazi hiyo. Lakini kati yetu tuliokuwa tukidai haki majukwaani, walikuwamo waliokuwa na watoto wasiowapelekea hata debe la mahindi. Tulimdai Rais hesabu ya fedha za umma, na mama wa watoto wetu alipotudai hesabu ya karo tukamwita mkorofi. Hilo lazima lisemwe na sisi wenyewe, kabla halijasemwa na adui zetu.

Sasa sheria iko wapi? Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya 1969 mama asiyeolewa hakuwa na sheria kama ile ya kushika mkononi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2002, ilikusanya pamoja mambo ya ulezi, matunzo na kuasili watoto. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo ilisema kwamba ikiwa wazazi hawakuoana, jukumu la kwanza ni la mama. Baba aliingia kwa kupenda: akikiri mtoto, au akifanya mapatano, au akiwa ameishi na mama kwa muda wa miezi 12. Asipopenda, alibaki nje akipunga upepo. Jambo hilo lilipelekwa Mahakama Kuu kwa hoja kwamba linambagua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mwaka 2006 mahakama ikakataa.

Ilibidi ingojewe Katiba mpya. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikafuata njia hiyo. Aidha, mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba ni kinyume cha Katiba kumnyima mtoto wa nje ya ndoa jina la baba katika cheti cha kuzaliwa mpaka baba mwenyewe aridhie. Wengi wenu mna vyeti vyenye alama za X mahali pa baba. Mnajua uchungu wa kukitoa cheti hicho mbele ya mwalimu mkuu.

Mchukueni mama auzaye sukuma wiki katika soko la Kitale. Baba wa watoto wake ni dereva wa lori katika barabara ya Webuye kwenda Malaba, ana mshahara, na ana nyumba nyingine Bungoma. Mama huyu huenda kwa chifu. Chifu huandika barua, dereva huja, huahidi, hutoa noti mbili mbele ya watu, kisha hupotea miezi sita. Tunawaheshimu machifu wetu, lakini chifu hana uwezo wa kumkata mtu mshahara, mahakama inao. Mama na aende kwanza kwa afisa wa watoto, ambaye huwaita wazazi wote wawili na kuyaandika mapatano yao. Dereva akikataa, au akiyavunja, shauri liende mahakama ya watoto. Akikana kwamba mtoto ni wake, mahakama inaweza kuamuru vipimo vya damu. Ikimpata kuwa na wajibu na bado asilipe, anaweza hata kufungwa.

Jukumu sawa si fedha sawa. Mahakama hupima kila mmoja ana nini na mtoto anahitaji nini. Mama auzaye mboga hataambiwa atoe shilingi kwa shilingi na mwenye mshahara, na kule kuamka kwake usiku mtoto anapougua nako ni mchango. Wala baba asiye na kitu hatakamuliwa kama jiwe.

Kuna kosa moja tunaloliona kila mahali, nalo ni la pande zote mbili. Baba husema, "Sitatoa kitu mpaka nimwone mwanangu." Mama naye husema, "Hutamwona mpaka utoe." Chakula cha mtoto si nauli ya kumtembelea. Baba aliyezuiwa asimwone mtoto bado anadaiwa matunzo, na aende mahakamani kuomba siku zake za kumwona. Mama asiyelipwa asimfiche mtoto kwa shangazi kule Endebess. Akifanya hivyo anajiharibia shauri lake mwenyewe.

Hapa wazee wetu wa Kibukusu watatuuliza: na mila je? Mtoto ni wa ukoo wa baba, na mke anaporudi kwao neno la kwanza huwa ni ng'ombe. Hatukuja kuzitukana mila. Tunajua kwamba kila Agosti ya mwaka wa tohara kuna vijana wasiojua watasimama katika ua wa nani, na kwamba baba aliyejificha miaka 14 hujitokeza asubuhi hiyo amevaa koti, akitaka kijana atahiriwe kwake. Lakini mahakama haitauliza ng'ombe walitolewa wangapi. Itauliza mtoto analala wapi, anasoma wapi, na nani amekuwa akimlea. Watoto wadogo kwa kawaida huachwa kwa mama, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Na wazee, tuseme kweli: mila ile ile iliyompa baba mtoto ilimpa pia kazi ya kumlisha. Mbona tunaikumbuka nusu yake?

Neno la mwisho ni la mabibi. Tangu mapigano ya ardhi ya mwaka 1991 na 1992, kisha ukimwi, kisha maafa ya Mlima Elgon na ya baada ya uchaguzi wa 2007, mabibi wa Trans Nzoia na Bungoma wamelea watoto ambao hawana karatasi nao hata moja. Ni kazi ya upendo. Lakini bibi akifa, wajomba hugawana zile ekari tano za skimu, na mtoto huambiwa alikuwa mgeni tu. Sheria ya Urithi haijamwacha kabisa: mtoto ambaye marehemu alimchukua katika nyumba yake kama wake na kumlisha anaweza kudai sehemu. Ila itambidi athibitishe, na shahidi wake mkuu yuko kaburini.

Kwa hiyo bibi asingoje. Kuasili mtoto kwa amri ya mahakama humfanya awe kama aliyezaliwa nyumbani humo, pamoja na haki ya kurithi, na sheria ya 2022 imetaja waziwazi njia ya kuasiliwa na jamaa wa damu. Wengine husikia neno hilo wakafikiri ni jambo la wazungu wa ng'ambo. Wajue kwamba Serikali ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wetu na wageni mwaka 2014, na kwamba sheria hii ni ya bibi wa Kiminini vilevile. Na mzazi aliye hai, ajuaye kwamba afya yake si njema, anaweza kumtaja mlezi katika wosia wake.

Tukimaliza hapa, wenzetu wawili watakaa chini ya ule mti na daftari. Mwenye shauri aje na cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki ikiwa cheti hakuna, na karatasi yoyote yenye jina la baba: barua ya chifu, risiti ya karo, hata ujumbe wa simu aliotuma fedha. Walio Bungoma tutawaona Jumamosi. Akina baba nao wanakaribishwa. Daftari lina kurasa za kutosha.