Umri wa Kutumia Akili

Tukimimina maji ya kikombe kipana katika bilauri nyembamba, mtoto wa miaka 4 aonaye yote hayo atasema maji yameongezeka. Mtaalamu Mswisi Jean Piaget alionyesha kwamba mtoto huyo hasemi uongo. Anaamua kwa kimo anachokiona. Karibu na miaka 7 hutambua mwenyewe kuwa maji ni yale yale. Umri huohuo Papa Pio wa Kumi aliutaja mwaka 1910 kuwa mwanzo wa kutumia akili, akawafungulia watoto mlango wa Komunyo ya kwanza. Basi sisi wazazi na makatekista, tusimchape wala kumwita mkaidi yule ambaye akili yake ingali inachipua. Tumvumilie, kama Mungu anavyotuvumilia sisi. Amina.