Kupima Uzoefu wa Mshauri wa Ridhaa: Mfano wa Wafugaji wa Samaki wa Mapambo

Utangulizi

Katika shughuli nyingi ambazo watu huzifanya kwa mapenzi na bila malipo, kama vile ufugaji wa samaki wa mapambo, utazamaji wa ndege na uangaliaji wa nyota, sehemu kubwa ya maarifa haifundishwi darasani, bali hupokewa na anayeanza kutoka kwa aliyemtangulia. Mfugaji anayeona samaki wake wakihema juu ya maji kwa kawaida hana daktari wa kumwita, kwa kuwa madaktari wa mifugo waliobobea katika maradhi ya samaki hao ni wachache, na kwa hiyo humwendea mwenzake aliyefuga kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu ili amtambue mshauri wa kuaminika, muulizaji anahitaji kuwa na kiasi fulani cha maarifa yaleyale anayokwenda kuyatafuta.

Mada hii inachunguza namna ya kuupima uzoefu wa washauri wa aina hiyo, kwa kutumia ufugaji wa samaki katika tangi la kioo kama mfano. Hoja yake kuu ni kwamba uzoefu wa mtu asiye mtaalamu ni ushahidi halisi unaostahili heshima, lakini uzito wake hautokani na idadi ya miaka. Uzito huo hutokana na mambo matatu: ubora wa mrejesho ambao mshauri aliupata kutoka kwenye kazi yake, uwezo wake wa kutenganisha alichokiona na sababu anayoidhania, na kiasi ambacho mazingira yake yanafanana na ya anayeuliza.

Dhana za Msingi

Mshauri wa ridhaa, kwa matumizi ya mada hii, ni mtu anayetoa ushauri katika jambo analolifanya kwa mapenzi, bila kulipwa na bila cheti kinachomtambulisha kuwa mtaalamu. Uzoefu ni mkusanyiko wa yale ambayo mtu ameyatenda na kuyashuhudia katika jambo hilo. Mrejesho ni taarifa inayomrudia mtendaji kuhusu matokeo ya tendo lake, nayo ndiyo inayougeuza muda kuwa maarifa, kwani anayetenda bila kujua matokeo ya matendo yake hurudia tu, wala hajifunzi.

Mwanafalsafa wa Marekani Alvin Goldman, katika makala yake ya mwaka 2001 kuhusu namna mtu wa kawaida anavyoweza kuchagua mtaalamu wa kumwamini, alitaja vyanzo vitano vya ushahidi, ambavyo ni hoja anazozitoa mtaalamu na jinsi anavyowajibu wapinzani wake, kukubaliana kwa wataalamu wengine naye, vyeti na tathmini alizopewa, maslahi yanayoweza kumpotosha, na rekodi ya matokeo yake ya nyuma. Katika uwanja wa ridhaa chanzo cha vyeti karibu hakipo, na chanzo cha hoja humshinda anayeanza, ambaye hawezi kutambua hoja iliyo sahihi kutokana na ile inayosikika vizuri tu. Vinavyobaki ni rekodi, maslahi na makubaliano, na kila kimoja kati ya hivyo kina hila zake.

Muda na Mrejesho

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na methali hiyo ina ukweli usiopingika. Hata hivyo, kuona mengi hakumhakikishii mtu kwamba ameyaelewa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka mingi walikuwa na misimamo inayopingana kuhusu uwezo wa wazoefu kukata shauri kwa hisia zilizokomaa, waliandika pamoja mwaka 2009 na kukubaliana juu ya masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba mazingira ya kazi yawe na utaratibu unaotabirika, na la pili ni kwamba mtendaji awe amepata nafasi ya kutosha ya kuujifunza utaratibu huo kwa mazoezi na mrejesho. Waliongeza kwamba kujiamini kwa msemaji si dalili ya kutegemewa kuwa amesema kweli.

Katika tangi la samaki masharti hayo hutimia kwa mambo fulani na kukosekana kwa mengine. Mfugaji anayekadiria kiasi cha chakula huona matokeo ndani ya siku chache, kwa kuwa chakula kikizidi maji huchafuka, na kwa hiyo ushauri wake katika jambo hilo una msingi mzuri hata kama amefuga kwa mwaka mmoja tu. Hali ni tofauti kwa samaki wa Amerika ya Kusini mwenye mdomo wa kunyonya, anayeitwa pleko, ambaye huuzwa akiwa na urefu wa sentimita chache tu ilhali aina zake za kawaida hufikia sentimita 30 au zaidi. Anayesema kwamba samaki huyo anaishi vizuri katika tangi dogo, wakati amekaa naye miezi sita, anasema kweli juu ya miezi hiyo sita, lakini hana ushahidi wowote juu ya miaka inayokuja, ambayo ndiyo yenye tatizo.

Uko pia mrejesho unaopotosha, na mfano wake ulio wazi ni ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kimelea hicho hukua chini ya ngozi ya samaki na kuonekana kama chembe za chumvi, na kikishakomaa humwacha samaki chenyewe, kikazama chini na kugawanyika kuwa vimelea vichanga mamia kadhaa vinavyoogelea kutafuta samaki wengine. Dawa nyingi huviua vimelea vikiwa katika hatua hiyo ya kuogelea, wala si vile vilivyojificha ngozini. Maana yake ni kwamba madoa hutoweka baada ya siku kadhaa hata kama mfugaji hakutumia chochote, kisha hurudi kwa wingi zaidi. Mtu aliyetia majani au kitunguu saumu ndani ya maji na kuona madoa yakitoweka ana kila sababu ya kuamini kwamba amepata tiba, na akiwasimulia wenzake hasemi uongo. Kosa lipo katika kusitisha uangalizi mapema. Kwa hiyo swali la kumuuliza mshauri wa namna hiyo ni alimwangalia samaki kwa muda gani baada ya madoa kutoweka, kwa kuwa swali la amefuga kwa miaka mingapi halifiki kwenye kiini cha jambo.

Kilichoonekana na Sababu Yake

Ushauri wa mzoefu huwa na tabaka mbili ambazo mara nyingi hutolewa kwa pamoja, yaani maelezo ya lililotokea na maelezo ya kwa nini lilitokea. Tabaka ya kwanza inaweza kuwa imara ilhali ya pili ni dhaifu, na historia ya elimu ya maji ya tangi inalithibitisha jambo hilo vizuri.

Wafugaji wanajua kwamba tangi jipya halipaswi kujazwa samaki mara moja, kwa kuwa kinyesi na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu, na ni lazima kupita wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi nane, kabla ya vijidudu vinavyoibadilisha amonia kuwa nitraiti, na nitraiti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa, kukua vya kutosha ndani ya chujio. Kwa miongo mingi vitabu vya wafugaji viliwataja bakteria wa jenasi Nitrosomonas na Nitrobacter kuwa ndio wafanyakazi wa mabadiliko hayo. Mwaka 1996 Timothy Hovanec na Edward DeLong walichunguza matangi kwa mbinu za vinasaba na hawakuipata Nitrobacter katika matangi ya maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari, na mwaka 1998 ikaonyeshwa kwamba kazi ya kuibadilisha nitraiti hufanywa na bakteria wa kundi la Nitrospira. Mwaka 2011 watafiti wengine walionyesha kwamba katika machujio mengi ya maji baridi waliotawala hatua ya kwanza hawakuwa bakteria kabisa, bali akea, ambalo ni kundi jingine la viumbe vya seli moja. Mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba baadhi ya Nitrospira huweza kuzikamilisha hatua zote mbili peke yao.

Katika muda wote huo ushauri wa kusubiri maji yakomae na kuyapima kabla ya kutia samaki uliendelea kuwa sahihi. Wafugaji wa zamani waliojifunza kwa kupoteza samaki walikuwa sahihi kuhusu subira, ingawa majina ya vijidudu waliyoyataja hayakuwa yenyewe. Msikilizaji makini hulipokea agizo lililojaribiwa na wengi bila kulazimika kuipokea nadharia iliyofungamanishwa nalo, na kwa upande mwingine halitupi agizo jema kwa sababu tu aliyelitoa ameeleza sababu isiyo sahihi.

Mipaka ya Mazingira

Uzoefu huzaliwa mahali fulani, na nguvu yake hupungua kadiri unavyohamishwa kwenda mahali pasipofanana na hapo. Ziwa Tanganyika, ambalo linagawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, limewapa wafugaji wa dunia nzima aina nyingi za samaki wa jamii ya perege, ambazo karibu zote hazipatikani penginepo. Maji yake yana madini mengi na kipimo chake cha pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi, hukaribia 9. Kinyume chake, vijito vingi vya bonde la Amazon, ambako wametoka samaki wengine wanaopendwa, vina maji laini yenye uasidi.

Tofauti hiyo hubadilisha maana ya ushauri mzima. Amonia ndani ya maji huwa katika sura mbili, na sura iliyo sumu zaidi ni ile inayoitwa amonia huru. Katika nyuzi joto 25 za Selisiasi, amonia huru ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7, ni takriban asilimia 5 pH ikiwa 8, na hufikia takriban asilimia 36 pH ikiwa 9. Kwa sababu hiyo, mfugaji wa samaki wa Amazon anayesema kwamba kiasi kidogo cha amonia hakijawahi kumletea madhara anaeleza jambo la kweli lililotokea kwake, lakini mfugaji wa samaki wa Tanganyika akilifuata anaweza kuwaua samaki wake wote kwa kiasi kilekile. Ndivyo ilivyo pia kwa chakula, kwani samaki wa jenasi Tropheus, ambao huko ziwani hukwangua mwani kwenye mawe na wana utumbo mrefu unaolingana na chakula hicho, hawawezi kulishwa kwa uzoefu uliotokana na samaki wanaokula nyama. Hata maji ya bomba hutofautiana, kwa kuwa klorini hutoka maji yakiachwa wazi kwa siku moja hivi, ilhali kloramini, ambayo miji mingine huitumia badala yake, haitoki kwa njia hiyo.

Wingi wa Sauti na Wingi wa Ushahidi

Anayeanza hupata faraja anapoona watu wengi wanakubaliana. Goldman alionya kwamba idadi ya wanaokubaliana haiongezi ushahidi ikiwa wote wanarudia kauli ya mtu mmoja bila kuichunguza. Washauri kumi waliosoma kitabu kimoja ni shahidi mmoja, lakini wawili waliofikia hitimisho moja kwa kujaribu katika maji tofauti ni mashahidi wawili. Aidha, wanaobaki kutoa ushauri ni wale ambao samaki wao waliishi, kwa kuwa walioshindwa huuza matangi yao na kunyamaza. Mfugaji aliyetia samaki katika tangi jipya bila kungoja na asipoteze hata mmoja huenda alikuwa na mimea mingi inayofyonza amonia, au alihamisha sponji kutoka kwenye chujio la zamani, na asijue kwamba hilo ndilo lililomwokoa.

Suala la maslahi nalo lina sura mbili. Mshauri wa ridhaa ana faida ya kutouza dawa wala vifaa, na hilo humpa uhuru ambao muuzaji hana. Hata hivyo, ana heshima ya kulinda mbele ya wenzake na gharama alizokwisha kuziingia, na yote hayo yanaweza kumfanya atetee njia aliyoizoea kuliko ushahidi unavyoruhusu.

Waangalizi wa nyota wa ridhaa walipata dawa ya sehemu kubwa ya matatizo haya zamani. Chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mng'ao, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya watu wasio wanaastronomia kwa sharti kwamba kila kadirio liandikwe pamoja na tarehe, saa na nyota zilizotumika kulinganishia. Kwa utaratibu huo wanasayansi wameweza kuyatumia makadirio hayo kwa zaidi ya karne moja, kwa sababu ushahidi umebebwa na kumbukumbu iliyo wazi, na yeyote anaweza kuupima pasipo kumjua mwangalizi.

Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mada inapendekeza kwamba anayepokea ushauri aulize maswali matano kabla ya kuufuata: mshauri amelifanya jambo hilihili au linalofanana nalo tu, alifuatilia matokeo kwa muda gani, alibadilisha vitu vingapi kwa wakati mmoja, mazingira yake yanatofautianaje na ya muulizaji, na ni lini njia hiyo ilimshinda. Swali la mwisho lina thamani ya pekee, kwani mzoefu wa kweli huwa anaijua mipaka ya njia yake, ilhali asiyeweza kutaja hata hali moja ambamo ushauri wake haufai kwa kawaida hajaujaribu vya kutosha.

Washauri nao wanapendekezewa wajenge desturi ya kutaja aina ya samaki, ukubwa wa tangi, vipimo vya maji na muda wa uangalizi pamoja na kila ushauri wanaoutoa, na wabainishe walichokiona wenyewe, walichosimuliwa na wanachokidhania. Vyama vya wafugaji, pale vilipo, vihifadhi kumbukumbu za kufaulu na za kushindwa kwa usawa, kwa maana kumbukumbu za kushindwa ndizo zinazokosekana zaidi.

Hitimisho

Kumpuuza mshauri kwa sababu hana cheti ni kupoteza maarifa ambayo katika nyanja nyingi hayapo kwingineko, na kumfuata kwa sababu ana miaka mingi ni kumkabidhi dhamana ambayo huenda miaka hiyo haikumwandaa kuibeba. Anayemuuliza mzoefu ameona nini, wapi na kwa muda gani hamvunjii heshima, kwa kuwa anayachukulia maneno yake kuwa ushahidi unaostahili kupimwa. Mzoefu anayezoea kuulizwa hivyo huanza kuyaangalia matangi yake kwa makini zaidi kuliko awali, na ushauri anaoutoa baadaye huwafaa wengi zaidi.